Nilimwambia Mzungu Kwamba Ni Utani

Mtu akikwambia Mhehe ana hasira, mkubalie tu, usibishane naye. Mimi ninazo, na habari hii naisimulia nikiwa nazo, kwa sababu nikingoja zipoe nitaanza kujitetea, na mtu anayejitetea hakawii kuwa mwongo.

Naitwa Fredy Kikoti. Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa natembeza watalii Dodoma. Cheka tu, kila mtu alicheka. Watalii, Dodoma! Lakini zilikuwa enzi za ruksa, mashirika ya umma yanakufa moja baada ya jingine, na bosi wangu William alikuwa amepunguzwa kazini akapewa kiinua mgongo chake mkononi. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye akanunua Landrova mbili kuukuu na mahema sita, akachapisha karatasi za kijani zenye Kiingereza kingi, maana yake: ruka, endesha, lala. Yaani mzungu ambaye mfuko wake haumfikishi Serengeti anapanda kindege cha viti vitano Dar es Salaam, anashuka uwanja wa Dodoma, anakabidhiwa gari, hema, jiko la mafuta ya taa na ramani, anaendesha mwenyewe siku tano. Hoteli hakuna, mpishi hakuna, dereva hakuna. Mimi nilikaa kiti cha nyuma pamoja na masufuria. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha njia, kupigilia vigingi vya hema, na kutafsiri.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Bahi, ambako mvua ikinyesha vizuri bwawa linajaa na ndege wanakuja kwa maelfu, na wazungu wa bei nafuu wanapenda ndege kwa kuwa hawana kiingilio. Pale tulikuwa tunapiga hema kwenye kiwanja cha Sila Mloli, Mgogo mwenye ng'ombe wachache na majaruba matatu ya mpunga. Sila alitupa kuni, maji na maziwa. Mkewe, Anyesi, alitupa matusi.

Mgogo na Mhehe ni watani. Wazee wetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wajukuu watukanane. Basi mtani wako unamwambia lolote. Unaingia kwake unakamata kuku, unamwita mkewe mke wako, unamwambia mama yake ni mchawi, na yeye anacheka na kukurudishia mara mbili. Sheria ni moja tu: mtani hakasiriki. Ukikasirika umeaibika wewe, si aliyekutukana.

Na Anyesi, asikwambie mtu, alikuwa bingwa. Landrova ilikuwa haijazima injini, yeye yuko mlangoni keshaanza. "Kamwene, mla mbwa! Wee Lea, mfunge mbwa wetu haraka, mgeni kaja na njaa." Lea ni mdogo wake, alikuwa anaishi nao. Nami kutoka dirishani: "Mbukwa, ombaomba! Leo sina hata sarafu, kalale na njaa." Kila mmoja anamsalimu mwenzake kwa lugha ya mwenzake, na tusi juu yake, basi tunakwenda hivyo mpaka ugali unaiva. Nikimsifia mboga anasema ameweka mkia wa jibwa ili nijisikie nyumbani. Nilimpenda yule mwanamke. Si mapenzi ya kitandani, msinielewe vibaya. Nilimpenda kama unavyompenda mtu anayekufanya uongeze mwendo ukikaribia kwake.

Sasa, Oktoba ya mwaka uliotangulia walinifanyia kitu. Tulifika na wageni watatu, Wajerumani. Sila akatoka nje ameshika kichwa, machozi yanatiririka, sauti haitoki. "Fredy, mkeo katutoka. Alfajiri." Nikaruka kutoka garini. Ndani nikamkuta amelala kwenye mkeka, kaniki imemfunika toka kichwani hadi miguuni, Lea anaomboleza pembeni, majirani wameinama. Nikaanguka palepale nikalia kama mtoto, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia, nikamwita mama, nikamwita dada. Mara kaniki ikasema, "Sema tena hapo pa dada." Akaketi. Loh! Nyumba nzima ikavunjika kwa kicheko, majirani wakagaragara. Wakanitoza faini ya utani: shati langu na viatu vyangu. Nikarudi Dodoma kifua wazi, peku, nimebanana na masufuria, na Wajerumani hawajui wacheke au waite polisi.

Nilicheka, kwa sababu mtani hakasiriki. Lakini moyoni niliumia. Nilikuwa nimelia kweli mbele ya watu, unajua? William naye alipopata barua ya wale Wajerumani aliniita ofisini akanipa makavu: "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Kikoti. Gari langu likisimama tena kwa ajili ya michezo yenu ya kikabila, kazi huna." Basi mimi nikaapa. Nikamtumia Anyesi salamu kwa mchuuzi wa samaki: mwambie deni lake ninalo, na Mhehe hulipa. Miezi sita nilikuwa nawaza jinsi ya kulipa.

Aprili wakaja mtu na mkewe, wazee wazee kidogo, Wabelgiji, walimu wa shule. Mume nilimpa jina Bwana Ramani, maana ramani haikutoka mapajani mwake hata akila. Alikuwa mtu mpole. Akiwakuta ng'ombe barabarani anazima injini kabisa na kungoja, eti asiwashtue. Mkewe alikuwa na daftari la kuandika majina ya ndege. Walitaka hema lipigwe kabisa kando ya bwawa, si kwa Sila, kwa hiyo safari hiyo tulilala mbali, kama kilomita tano kutoka kwake. Sikwenda hata kuwasalimia. Nilikuwa nimekusudia waje wao, wanitafute, ndipo niwachezee.

Asubuhi tukafungasha. Mpango wetu ulikuwa kupita Dodoma mjini, kisha twende kaskazini tukalale Makutupora kwenye mashamba ya zabibu. Njia ya bwawani ilikuwa matope meusi, yale yanayoshika tairi na kuligandamiza, na Bwana Ramani aliendesha kwa gia ya kwanza ulimi umemtoka. Tulipofika pale njia ya kwa Sila inapokutana na ya bwawani, nikamwona mtu anakimbia kutujia, hana shati, matope yamempanda hadi mapajani. Alikuwa Sila. Bwana Ramani akasimamisha gari.

"Fredy," akasema. Alishika dirisha langu kwa mikono miwili. "Anyesi kaumwa na nyoka."

Nikaangua kicheko. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha kabisa, kwa sababu niliona deni langu limejileta lenyewe kwa miguu.

"Nyoka yupi? Yule wa Oktoba?"

"Kifutu. Jarubani, sasa hivi, anapalilia. Mguu umeshavimba. Treni imepita usiku, nyingine mpaka kesho kutwa. Naomba gari, Fredy. Tumpeleke Dodoma."

"Mgogo na kuomba! Hamchoki jamani? Leo mmehama kwenye sarafu, mnaomba magari?"

"Fredy, nakuomba."

"Piga magoti kwanza."

Akapiga magoti. Palepale, kwenye matope, bila neno.

Sasa hapo ndipo nataka mnisikilize, nyie mliokulia mjini mnaodhani utani ni kutaniana tu baa. Mtani hapigi magoti. Mtani ukimwambia piga magoti anakwambia babu yako ndiye aliyepiga magoti kwa babu yangu akiomba maji ya kunywa, na mnaanza upya, na inakwenda nusu saa. Mtani akikubali mara moja, ujue hapo hakuna utani. Kila Mhehe anajua hilo, kila Mgogo anajua. Hata mtoto wa miaka saba angejua. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne, nikaona amepiga magoti, nikadhani amejifunza kuigiza vizuri zaidi.

"Sema: mimi Sila ni mtumwa wa Wahehe."

"Mimi Sila ni mtumwa wa Wahehe."

"Sema: mke wangu ni mwongo."

Akainuka, akashika tena dirisha langu. Halafu akasema, "Mke wangu ni mwongo. Twende sasa, Fredy, twende."

Bwana Ramani aligeuka akaniuliza mtu huyu anasema nini. Mguu wake ulikuwa kwenye klachi. Kiti cha kati kilikuwa kitupu, hakuna kitu isipokuwa daftari la ndege na chupa ya maji. Akauliza tena: anahitaji msaada?

Nikamwambia hapana. Nikamwambia huyu ni mtani wangu, kabila lake na langu tuna mila ya kutaniana, na huu ni mchezo wake. Nilimweleza vizuri, kwa Kiingereza changu chote. Mkewe akasema, lakini analia. Nikamwambia, hawa wanajua kulia, mama, mwaka jana alilia zaidi ya hapa. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Bwana Ramani akatabasamu. Akampungia Sila mkono, akamwambia kwaheri kwa Kiswahili alichofundishwa ndegeni, akaachia klachi.

Sila hakuachia dirisha. Gari likaanza kutembea naye, anakimbia kwa upandeupande, miguu inateleza. Nami nikamtoa vidole kimoja kimoja, nikivihesabu kwa sauti kama unavyomhesabia mtoto mdogo vidole vyake. Kimoja. Viwili. Vitatu. Cha mwisho kikatoka, akabaki nyuma. Nikageuka kumtazama kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imening'inia. Sikusikia tusi. Nikamwambia yule mama, umeona? Leo hata tusi hana, nimemweza.

Hiyo ndiyo sentensi niliyosema. Nimemweza.

Makutupora tulipiga hema mwisho wa shamba la zabibu, upepo mzuri, vibarua wanachuma, Bwana Ramani ananunua zabibu anagawa kwa kila mtu. Na niwaambie kitu kingine kinachonitia aibu: nililala vizuri sana. Nililala nikitunga maneno nitakayomwambia Anyesi safari ijayo. Nilikuwa nimepata matatu makali kabisa.

Asubuhi, nachemsha chai, nikamwona Yotham anakuja kati ya mizabibu. Yotham ni mdogo wake Sila, alikuwa kibarua pale msimu wa kuchuma. Naye ni mtani wangu vilevile, tumetukanana miaka. Nikamwanza kwa mbali: "Mbukwa, mwizi wa zabibu! Umeonja ngapi toka alfajiri?"

Alikuja mpaka kwenye jiko, akasimama.

"Anyesi kafa," akasema.

Mimi nikasema, mjinga mimi, "Tena?"

Yotham aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, wala sitaki kuangaliwa tena. Akasema lori la mpunga limeleta habari usiku. Akasema Sila alimbeba kwa baiskeli hadi zahanati, zahanati ikawa haina dawa ya nyoka, akamsukuma mpaka barabara kuu, akamlaza kivulini angoje gari. Magari matatu yalipita bila kusimama. La nne lilisimama jioni, na dereva alipoushika mkono wa Anyesi akauachia. Ndilo hilo lililoleta habari.

"Kaka amesema mtani aje," akasema Yotham. "Amesema nisikwambie neno jingine, ila mtani aje."

Sufuria ya chai ilichemka ikamwagika yote, nikaiangalia tu.

Nilimwendea Bwana Ramani. Alikuwa anajinyoa mbele ya kioo cha gari. Nikamwambia kuna msiba Bahi, naomba ruhusa niende, watanikuta Dodoma. Akasema haiwezekani uende kwa miguu, sisi tutakupeleka, na uso wake una povu. Kisha akauliza ni nani. Nikamwambia ni mke wa yule mtu wa jana.

Akaacha kujinyoa. "Yule aliyekuwa anatania?"

Nikasema, ndiyo, yule.

Alifuta povu taratibu na taulo, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado. Hakupiga kelele, na mimi nilitaka apige. Akasema neno moja tu, na nimelitafsiri mwenyewe mara nyingi sana tangu siku ile: "Ningegeuza gari."

Angegeuza. Hilo ndilo linaloniua. Siyo kwamba nilikuwa na bosi mkali na mzungu mwenye haraka na njia mbovu. Mtu aliyezima injini kwa ajili ya ng'ombe wa watu asingeshindwa kugeuza kwa ajili ya Anyesi. Kati ya Anyesi na hospitali hapakuwa na kitu ila mdomo wangu.

Tukaondoka na Yotham. Alikaa nyuma nami, magoti yetu yanagusana kutoka Makutupora mpaka Bahi. Bwana Ramani aliendesha mbio, ramani ikaanguka chini na hakuiokota.

Walikuwa wameshazika. Joto lilikuwa kali na mwili ulikuwa umeharibika kwa sumu, wakamzika asubuhi na mapema. Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, udongo bado una unyevu. Watu walikuwa wamekaa uani, wanaume kwenye magogo, wanawake kwenye mikeka, na hakuna aliyekuwa anakula ingawa masufuria yalikuwa yameivishwa.

Kabla hata hatujashuka, mtoto alitoka jikoni mbio. Alikuwa Hilda, wa mwisho wa Anyesi, kama miaka mitatu hivi. Akaja moja kwa moja kwenye gari. Akafungua mlango wa nyuma, akachungulia. Akazunguka, akafungua mwingine. Akapanda, akaangalia chini ya turubai, kati ya mahema. Yule mama wa kizungu akampa zabibu, na yeye hakuzitaka.

Nikamuuliza Lea mtoto anatafuta nini. Lea alikuwa amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu. "Tulimwambia mama yake kachukuliwa na gari la wazungu kwenda hospitali," akasema. "Tungemwambiaje? Ndilo gari lililokuwepo."

Nikaenda kwa Sila. Alikuwa ameketi kwenye gogo, peke yake, shati jeupe la kanisani. Nikapiga magoti mbele yake, watu wote wakiona. Nikasema yote. Nikasema niliambiwa nikakataa, mzungu aliuliza nikamdanganya, vidole vyako nilivitoa mimi. Nikasema, nipige, Sila. Niue ukitaka. Niitie polisi, niitie baraza, nitoze ng'ombe ambao sina nitawatafuta.

Wazee walitazamana. Mmoja akasema, kwa upole tu kama anayesoma sheria, "Mtani hapigwi." Mwingine akasema, "Wala hashtakiwi. Utani hauna kesi." Na kweli hauna. Unaona ukatili wake? Mtu akiiba mbuzi kuna faini, atalipa, atarudi kuwa mtu. Mimi hapakuwa na mahali pa kulipia.

"Inuka," akasema Sila. Sauti yake ilikuwa shwari. "Unataka kujua alisemaje?"

Sikutaka. Nikasema ndiyo.

"Tulipokuwa barabarani aliniuliza, Fredy kasemaje? Nikamwambia kakataa, kadhani ni utani. Unajua alifanyaje? Alicheka. Na mguu umevimba hivi, Fredy, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Amenipata, mla mbwa.'"

Nikajiinamia. Nikasikia kitu kinatoka tumboni mwangu, sijui kama kilikuwa kilio.

"Usilie," akasema Sila. "Kulia ni kazi yetu. Wewe una kazi yako. Watu hawa toka jana hawajala, kwa kuwa mtani hajaja."

Nilijua anamaanisha nini. Kwenye msiba mtani ndiye anayefungua vinywa vya watu. Anamwigiza marehemu, jinsi alivyotembea, jinsi alivyogomba, mpaka wafiwa wacheke, na wakishacheka wanaweza kula. Nimefanya hivyo kwenye misiba kumi. Ni heshima. Nikamwambia Sila, kwa mwingine yeyote, lakini si kwa huyu, mtafute Mhehe mwingine, wapo pale stesheni. Sila akatikisa kichwa.

"Mtani wake ni wewe. Lea, lete nguo."

Lea akaleta gauni la Anyesi la bluu na kitambaa chake cha kichwa. Vilinukia moshi na maziwa. Nikavivaa juu ya nguo zangu, vifungo havikufika. Yule mama wa kizungu alikuwa amesimama kando ya Landrova na mumewe, hawaelewi kitu, na safari hii hakuna aliyewatafsiria.

Nikaanza. Nikatembea kama Anyesi, mkono kiunoni, kidevu mbele, kisigino cha kushoto kikiburura. Nikaenda kwa wazee nikawafokea kwa sauti yake, ile ya kukwaruza, nikiwauliza nani kawaruhusu wakae kivuli kizuri wakati ng'ombe wako juani. Mtu mmoja akaguna. Nikamwendea Yotham nikamwambia akanawe, ananuka mvinyo. Nikamgeukia Sila nikamwambia, wewe mwanamume, shati la kanisani siku ya kazi, unamwoa nani leo? Hapo mwanamke mmoja akashindwa, kicheko kikamtoka puani. Kisha wa pili. Kisha wote, wanacheka na kulia kwa pamoja, wanapigana mabegani, wanasema ni yeye, jamani, ni yeye huyu huyu. Nilikuwa naiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Niliona vyakula vinaanza kupakuliwa. Lea mwenyewe alikuwa anacheka huku amejifunika uso. Nikainua sauti, nikaita kuku kama alivyowaita, nikaita watoto waje kula kama alivyowaita, jina kwa jina, kuanzia mkubwa.

Nikafika kwa wa mwisho. Sikufikiri. Jina lilikuja na sauti yake, lote, likivutwa mwishoni kama alivyolivuta.

Mlango wa Landrova ukafunguka. Hilda alikuwa bado mle ndani, chini ya turubai, anatafuta. Akaruka chini, akapita katikati ya watu mbio, akaja akalishika gauni kwa mikono miwili, akaficha uso humo. Hakuangalia juu. Aliona nguo, alisikia sauti, ikamtosha.

"Mama," akasema, "umerudi na gari?"

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akaweka sahani chini. Nilimwangalia Sila ili aje amchukue mtoto wake, nikamwomba kwa macho, na kama si kuvaa gauni lile ningepiga magoti tena. Sila alikuwa amenyooka kwenye gogo lake, mikono juu ya magoti, na machozi yanamtoka bila uso wake kusogea.

"Mjibu," akasema. "Mjibu, mtani. Kwa sauti ile ile."

Nikamjibu.